Nafasi hiyo ina mwenyewe, tafadhali iache

NI Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mji umefurika watu. Umezunguka uwanja wa maegesho wa duka kubwa mara tatu na hujapata pa kuliacha gari. Watoto wanalia njaa kiti cha nyuma. Ghafla unaona nafasi moja tupu, tena karibu kabisa na mlango. Sakafuni pamechorwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, mchoro mweupe juu ya rangi ya buluu. Unajiambia, "Ni dakika tano tu, nanunua maziwa na mkate nitoke."

Je, msomaji, utafanya nini?

Wapo wanaoingiza gari bila haya. Wengine huwasha taa za dharura, kana kwamba taa hizo ni kibali. Na kuna wale wanaompa bawabu kitu kidogo ili aondoe kizuizi kilichowekwa hapo. Wote wana sababu moja: mbona nafasi iko wazi na mwenyewe hayupo?

Tatizo ni kwamba mwenyewe akifika, hana njia nyingine.

Hebu itazame nafasi hiyo vizuri. Nafasi ya kawaida huwa na upana wa karibu mita 2.4. Hiyo iliyotengwa, ikiwa imejengwa inavyostahili, hufikia karibu mita 3.6, au huwa na mistari ya mshazari kando yake. Upana huo si ufahari. Dereva anayetumia kiti cha magurudumu sharti aufungue mlango wote, akitoe kiti chake, akiweke ubavuni mwa gari, kisha ajivute kutoka kiti kimoja hadi kingine. Mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea naye anahitaji mahali pa kusimama ili ambebe. Ukibana gari lako juu ya mistari hiyo, atarudi na mizigo yake akute hawezi kuingia garini. Dakika zako tano zitakuwa saa nzima kwake, akiwa juani au mvuani.

Wala usiseme aegeshe kule mwisho. Huko kuna vidato, mashimo, na magari yanayorudi nyuma. Mtu aliyeketi chini namna hiyo haonekani kwa urahisi kwenye kioo cha dereva.

Si hisani, ni haki

Wengine hudhani nafasi hizi ni sadaka ya mwenye duka. La hasha! Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote bila vikwazo visivyofaa. Hata kabla ya hapo, sheria ya 2003 kuhusu watu wenye ulemavu ilikuwa imetaka mazingira yasiyo na vizuizi. Sheria mpya ilichukua mahali pake mwaka wa 2025.

Usihukumu kwa macho

Mchoro huo ulibuniwa mwaka wa 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi kutoka Denmark. Mwanzoni haukuwa na kichwa. Kiliongezwa baadaye na Karl Montan. Umesaidia sana, lakini pia umewafanya watu waamini kwamba ulemavu ni kiti cha magurudumu pekee. Kuna mwenye mguu wa bandia chini ya suruali ndefu. Kuna mwenye moyo dhaifu ambaye hatua hamsini humkatisha pumzi. Nchini Uingereza, mwaka wa 2019 vibali vya maegesho haya vilianza kutolewa pia kwa watu wenye ulemavu usioonekana.

Kwa hivyo ukimwona mtu akishuka kwa miguu yake miwili, usimpigie kelele mbele ya watu. Tazama kama gari lina stika. Ukiwa na shaka, zungumza na bawabu au msimamizi. Nawe ukiwa na stika kwa sababu ya mzazi wako, kumbuka ni yake, si ya gari. Siku ambayo umemwacha nyumbani, egesha kwingine.

Usiache toroli la duka kwenye mistari hiyo. Linazuia kama gari. Na ukitaka kumsaidia mtu, uliza kwanza: "Nikusaidie vipi?" Usikamate kiti chake na kuanza kukisukuma, kwani kiti hicho ni sehemu ya mwili wake.

Wahenga walinena, hujafa hujaumbika. Ajali moja barabarani, au ugonjwa wa kisukari usiotibiwa, na kesho mchoro huo unaweza kuwa wako.

Zaidi ya hayo, wale watoto walioketi nyuma wanakutazama. Ukiipita nafasi hiyo, watakuuliza kwa nini. Waeleze, kisha zunguka mara ya nne.