Kocha wa Kompyuta na Sekunde Nane

Tarehe 20 Julai 2024, katika mechi ya kirafiki mjini London, Sudan Kusini ilikwenda mapumziko ikiiongoza Marekani kwa vikapu, 58 kwa 42. Ikashindwa 101 kwa 100: LeBron James alifunga zikisalia sekunde 8.

Kijana wa Juba anayetaka kubuni mchezo wa kompyuta wenye kocha asiye binadamu na aanzie hapo. Kocha huyo apime tofauti ya pointi, muda, uchovu na makosa ya wachezaji. Kila jambo lipewe uzito wake, na uzito huo ubadilike kadiri muda unavyoyoyoma. Tena aachiwe nafasi ya kukosea, kwani kocha asiyeshindika hafundishi mtu kitu.