Bunagana: mawe tunayo, mbona madarasa yana giza?

Kila mzazi wa Bunagana, kwenye mpaka na Uganda, anajua darasa la manjanja: saa sita joto linashuka vichwani, mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Mji ulitekwa na M23 tarehe 13 Juni 2022. Siku ya kujenga upya shule, haifai kurudia yale yale.

Mfano uko Kongo hii hii. Huko Ilima, msituni mwa jimbo la Tshuapa, shule ya msingi iliyomalizika mwaka 2015 ilijengwa kwa udongo na mbao za palepale, pamoja na mafundi wa kijiji. Paa limeinuliwa juu ya kuta, hewa ya moto inatoka yenyewe.

Bunagana ni mlimani, baridi ipo, kwa hiyo si kuiga tu. Jiwe la volkano, ambalo Goma wanalijengea kila siku, linafaa kwa ukuta. Madirisha mapana yaelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiwachome watoto. Chini ya manjanja, plafo ya matete itapunguza joto na kelele.

Umeme wa Matebe, humu Rutshuru, upo tangu 2015. Waya haufiki kila darasa, na shule iliyounganishwa inalipa.