Chakula cha Kuku wa Mayai

Wafugaji wengi huku kwetu humtupia kuku mahindi meupe asubuhi na jioni, kisha hushangaa kuona mayai yana ganda jembamba na kiini kilichofifia. Hakuna ajabu hapo. Kuku hawezi kutia ndani ya yai kitu ambacho hakukila.

Tulitazame ganda kwanza, maana ndilo limpalo hasara muuzaji njiani. Ganda la yai moja lina kadiri ya gramu 2 za kalsiamu, na kuku atagaye karibu kila siku yampasa ale gramu 4 hivi, kwa kuwa si yote aliyoila hutumika. Mahindi na pumba hazimpi hata sehemu ndogo ya hiyo. Akiikosa huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Hutaga hivyo kwa muda, halafu miguu hulegea na mayai hukoma. Dawa yake si ghali: makombe ya pwani yaliyopondwa, yatiwe katika chombo cha peke yake, na kila kuku atakula kadiri ya haja yake. Yasikosekane alasiri, kwa sababu ganda huchukua kama saa 20 kujengwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku.

Kiini nacho kina habari yake. Mahindi meupe tunayoyapenda kwa ugali hayana ile asili ya manjano ambayo mwilini hugeuka vitamini A, iliyo ya lazima kwa macho ya watoto wetu. Mahindi ya manjano na majani mabichi, kama mchicha na sukuma wiki, yanayo. Funga fungu la majani, ulitundike juu kidogo, lisikanyagwe katika mavi. Lakini mnunuzi asidanganywe na rangi tu; chakula cha dukani kilichotiwa vitamini chaweza kutoa kiini cheupe chenye afya.

Kwa kujenga mwili, omena hufaa sana, ila wachache tu, ama sivyo yai litanuka samaki. (Wachunguze kabla ya kulipa, wengine huuzwa pamoja na mchanga wa ziwani.)

Kuna desturi moja mbaya: mahindi yaliyoota kuvu, yasiyofaa kwa watu, hupewa kuku. Mwaka 2004 sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini, iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la kuku, hupunguza mayai, na kiasi chake chaweza kuingia katika yai utakalompikia mtoto. Mahindi ya namna hiyo yateketezwe.

Mwisho, maji. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku na hunywa maradufu ya hizo, na zaidi wakati wa jua kali. Chombo kikikauka mchana mmoja tu, mayai yaweza kupungua kwa siku kadhaa.