Mtoto Wetu Anataka Kusomea Mipango: Je, Tumchangie?



Matokeo ya KCSE yakishatoka, barua za kuitwa chuo kikuu hufuata, na vikundi vyetu huombwa harambee. Mtoto akisema anaenda kusomea udaktari au ualimu, hakuna anayeuliza. Lakini akisema anaenda kusomea mipango ya miji na mikoa, au maendeleo ya jamii, wazee hutazamana. "Hiyo nayo ni kazi gani? Atakula nini?" Swali hilo ni la haki, kwa maana pesa ni za jasho. Tulijibu pamoja.

Kazi yenyewe ni ipi?

Hatusemi juu ya mpangaji wa nyumba, yule anayelipa kodi mwisho wa mwezi. Tunasema juu ya mtaalamu wa mipango. Huyu husaidia watu kuamua barabara, soko, shule, zahanati na maji vikae wapi, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Tuseme kikundi cha akina mama kimechanga miaka miwili kikajenga kibanda cha kuuzia maji kando ya barabara. Mwaka wa tatu barabara inapanuliwa. Kumbe kibanda kilisimama kwenye hifadhi ya barabara! Tinga linakuja, kibanda kinaanguka, na pengine hata fidia hakuna. Mtu anayejua kusoma ramani angewaambia mapema, "Akina mama, sogeeni hatua chache ndani." Kazi ya mipango ni kuokoa jasho la watu lisimwagike bure.

Anasoma nini huko chuoni?

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha mipango ya miji na mikoa mwaka 1971, kwanza kwa shahada ya pili. Siku hizi kuna shahada ya kwanza pia, na Chuo Kikuu cha Maseno nacho hufundisha somo hili. Mwanafunzi hujifunza kuchora na kusoma ramani, sheria za ardhi, uchumi, hesabu za idadi ya watu, na kutumia kompyuta kuonyesha mito, mashamba na barabara. Pia hutumwa nyanjani akae na watu, awaulize, awasikilize. Asiyependa kusikiliza wazee barazani hataiweza kazi hii.

Njia ya pili ni maendeleo ya jamii, inayofundishwa kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Daystar. Hapa ramani ni kidogo, watu ni wengi: jinsi ya kuanzisha kikundi, kuandika mradi, kutunza hesabu na kupima kama mradi umefaa. Mwulizeni mtoto ni njia gani kati ya hizi mbili, maana kazi zake si sawa.

Kwa waliosoma mfumo wa 8-4-4, shahada huhitaji angalau C+, na kila kozi huangalia masomo yake. Aliyepata C- asikate tamaa: anaweza kuanza na diploma, kisha apande ngazi. Karo ikiwa mzigo, kuna HELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995. Lakini mkopo wa HELB ni deni, na deni hulipwa.

Atapata kazi wapi?

Tangu serikali za kaunti 47 zianze mwaka 2013, kila kaunti inahitaji watu wa mipango ya ardhi na wa mipango ya uchumi. Wengine huajiriwa na mashirika ya maji, ya mazingira, ya makanisa, au na makampuni ya kupima na kupanga ardhi. Anayetaka kufanya kazi kama mtaalamu wa mipango ya ardhi lazima asajiliwe na bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1996. Aliyesoma maendeleo ya jamii anaweza kuwa afisa wa ustawi wa jamii, yule anayeshughulika na kuandikisha vikundi kama vyenu chini ya sheria ya mwaka 2022. Hatuwadanganyi: kazi haingoji mlangoni. Wengi huanza kwa kujitolea au kwa mkataba mfupi.

Je, kijiji kinafaidika?

Tazameni Mukuru, Nairobi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza mahali pale kuwa eneo maalum la mipango. Ni makao ya jamaa kama 100,000. Walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu walikaa na wakazi, wakahesabu nyumba, wakajadili barabara, maji, vyoo na afya, mpaka mpango ukaandikwa. Kuanzia mwaka 2020 barabara na mabomba ya maji taka yakaanza kujengwa.

Hata hivyo, mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Ndiyo maana wahenga walisema mipango si matumizi. Karatasi peke yake haimlindi mtu. Inataka wataalamu wa kuitetea na wananchi wanaojua kilichoandikwa ndani yake.

Na hapa ndipo zamu yetu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na inasema wananchi lazima washirikishwe. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Septemba, mpango wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye bunge la kaunti. Kisima chenu kisipoandikwa humo, ni vigumu kukitafutia pesa baadaye. Mtoto aliyesomea mipango anajua karatasi hizo, tarehe zake na mlango wa kubisha. Lakini hawezi kusema mahali pa kikundi kilichonyamaza.

Kwa hiyo, je, tumchangie? Ndiyo, kama mtoto anapenda kazi yenyewe na si jina la chuo tu. Na mkimchangia, mwombeni jambo moja: akija likizo, akae nanyi alasiri moja, achore ramani ya kijiji pamoja nanyi, aonyeshe mto, njia, shule na mipaka ya barabara. Ramani hiyo iwekwe pamoja na vitabu vya kikundi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Miradi yetu imejengwa kwenye ardhi ya nani? Nani amehakikisha mipaka?
2. Mara ya mwisho kaunti ilipoita mkutano wa mipango, nani kati yetu alienda? Alisema nini?
3. Ni jambo gani moja tunataka liandikwe katika mpango wa mwaka ujao, na nani atalipeleka kabla ya Septemba?
4. Ni kijana gani hapa kwetu anayependa ramani, hesabu na watu? Je, kuna mtu amewahi kumwambia kwamba kuna kazi ya namna hii?