Pale Mkristo Anapoikataa Amri

Agosti 1986, wachungaji wapatao 1,200 walikutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara ya Thika kabla ya kufika Ruiru. Chama tawala cha KANU kilikuwa kimeamua kuondoa kura ya siri katika uteuzi wa wagombea. Kila mpiga kura angepanga foleni nyuma ya mgombea wake, ahesabiwe mchana kweupe. Wananchi waliuita utaratibu huo mlolongo. Wachungaji walisema hawatapanga foleni. Mchungaji akionekana leo nyuma ya mwanasiasa mmoja, Jumapili atawahubirije wale waliosimama nyuma ya mpinzani wake?

Msimamo huo uliwagawanya Wakristo wenyewe. Kanisa la AIC, alikoabudu Rais Daniel arap Moi, lilijitoa NCCK mwaka huohuo. Pande zote mbili zilisoma Biblia moja.

Wanaosisitiza utii hukimbilia Warumi sura ya 13, ambako Paulo anafundisha kwamba mamlaka yamewekwa na Mungu na kwamba kodi ni haki yao. Mafundisho hayo ni mazito, na Mkristo hawezi kuyaruka kwa sababu tu sheria fulani imemuudhi. Lakini Paulo huyohuyo, alipochapwa viboko na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakubwa wa mji waje wenyewe kumtoa. Petro na mitume wenzake walipokatazwa kuhubiri, waliliambia baraza waziwazi kwamba Mungu ndiye wa kutiiwa kwanza. Katika kitabu cha Danieli, vijana watatu walikataa kuisujudia sanamu ya mfalme, wakakubali kutupwa katika tanuri.

Karne ya 13, Thomas wa Akwino aligawa sheria dhalimu katika mafungu mawili, na mgawo huo unasaidia hadi leo. Fungu la kwanza ni sheria inayomlazimisha mtu kumkosea Mungu. Hiyo isitiiwe kabisa. Fungu la pili ni sheria inayowaonea watu, kama vile kuwatwika wengine mzigo kupita kiasi kwa faida ya mtawala. Hiyo haiifungi dhamiri, ila mtu anaweza kuivumilia endapo kuikataa kutaleta madhara makubwa zaidi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa 1992, nayo inasema raia ana wajibu wa kukataa amri zinazopingana na maadili.

Watu wa Thika walilijua fungu la kwanza mwaka 1969. Waziri Tom Mboya aliuawa Julai 5, siasa zikachafuka, na maelfu ya Wakikuyu wakasombwa kwa mabasi na malori hadi Gatundu, nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta, magharibi ya Thika. Ilisemekana wanakwenda kunywa chai. Kumbe walikuwa wanalishwa kiapo cha kuhakikisha utawala hautoki mikononi mwa kabila lao. Hakuna sheria iliyoandikwa iliyoamuru kiapo hicho, ila nguvu ya dola ilikuwa nyuma yake. Wakristo wengi walikataa. Kwao, aliyekwisha kushiriki Meza ya Bwana hawezi kuapa kumchukia jirani. Walipigwa, na mtumishi mmoja wa Kanisa la PCEA akafariki kwa kipigo. Viongozi wa kanisa hilo, akiwemo Katibu Mkuu John Gatu, walipinga hadharani, na gazeti la Kikristo la Target likaandika habari ambazo wengine walizinyamazia.

Harry Thuku ni mfano wa fungu la pili. Alizaliwa Kambui, magharibi ya Ruiru, akasomeshwa na wamisionari wa hapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Mfanyakazi wa shamba la kahawa la Ruiru au la mkonge la Thika hakuweza kuondoka bila mwajiri kukitia sahihi. Akikutwa ametoroka, alishtakiwa. Mwaka 1921 Thuku alianza kwa mikutano na telegramu kwenda London. Njia hizo zilipokosa kuzaa matunda, akawahimiza watu wavirudishe vipande vyao kwa serikali. Alikamatwa Machi 1922. Umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na hata hesabu ya serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Thuku aliomba kwanza, akagoma baadaye. Wachungaji wa 1986 walitangaza kukataa kwao mbele ya kila mtu. Waliokataa kiapo hawakulipiza kisasi. Mafundisho ya Kikristo yanaruhusu uasi wa namna hiyo: wa wazi, usiomwaga damu, unaomtetea jirani na ulio tayari kulipa gharama. Kuchoma duka la mtu hakuna mahali hapo. Na kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa utii. Mlolongo walioukataa wachungaji ulizaa uchaguzi uliojaa wizi mwaka 1988, na KANU yenyewe ikaufuta utaratibu huo mwishoni mwa 1990.

Juni 25, 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, risasi zilisikika usiku Githurai, mpakani mwa Ruiru. Wengi waliambiwa kwamba kuandamana ni kuasi. Lakini Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na Kifungu cha 2 kinabatilisha sheria yoyote inayopingana na Katiba. Anayeandamana kwa amani anatii sheria kuu ya nchi. Makanisa ya Thika na Ruiru, yanayojaa vijana kila Jumapili, yana wajibu wa kuwafundisha jambo hilo, kuwatafutia mawakili wanaokamatwa na kukaa na familia zilizofiwa, kabla muswada mwingine haujafika bungeni.