Ufundi usiuzwe kwa urahisi peke yake

Kuna biashara moja ya ng'ambo ambayo ni nadra kutajwa katika madarasa yetu, ilhali ina funzo kubwa kwa kila mwalimu na kila mwanafunzi wa ufundi. Nayo ni biashara ya kusafirisha magari ya kale kutoka nchi za ujira mkubwa hadi nchi za ujira mdogo ili yakarabatiwe huko, kisha yarudishwe kwa wenyewe yakiwa yanang'aa. Mjerumani mwenye Mercedes-Benz ya zamani huivusha mpaka hadi Poland au Hungary. Wengine huyatia magari yao katika makontena na kuyapeleka mbali zaidi. Nimeifuatilia biashara hii kwa muda, na nimesadiki kwamba wengi wanaoisifu hawajatambua ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Hebu tuanze na hesabu. Gari lililoliwa na kutu haliponi kwa kupakwa rangi. Sharti livuliwe viti, vioo, nyaya na injini. Bodi ikwanguliwe hadi bati tupu. Palipooza pakatwe na kuchomelewa bati jipya lililokunjwa kwa mkono. Injini ifunguliwe na kupimwa. Viti vishonwe upya. Na vyuma vya mapambo vichovywe katika kromiamu. Kazi ya namna hii, ikifanywa kikamilifu, yaweza kula saa 1,000 au zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba karakana ya Uingereza hutoza pauni 80 kwa saa, na ile ya ng'ambo pauni 25. Kwa saa hizo 1,000, ya kwanza itadai pauni 80,000 na ya pili pauni 25,000. Hata mwenye gari akitoa pauni 6,000 za meli, bima na forodha, angali ameokoa pauni 49,000.

Msomaji atazame vyema hesabu hiyo. Bati ni lile lile, na vipuri ni vile vile. Kilichoshuka bei ni saa ya binadamu. Wala haikushuka kwa kuwa fundi wa ng'ambo ana mkono dhaifu. Lau mkono wake ungekuwa dhaifu, hakuna ambaye angempelekea gari. Imeshuka kwa kuwa amezaliwa mahali ambapo kodi ya nyumba, chakula na mishahara ya majirani zake viko chini.

Biashara iliyosimama juu ya tofauti hiyo pekee huyumba kila sheria inapoyumba. Poland na Hungary ziliingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na tangu hapo gari la Mjerumani huenda na kurudi bila ushuru wa forodha. Waingereza nao waliifaidi njia hiyo hadi mwisho wa mwaka 2020. Kuanzia Januari 2021, Mwingereza anayepeleka gari lake Poland hulazimika kujaza hati za forodha, na anapolirudisha hudaiwa kodi kwa kazi iliyofanywa huko. Fundi hakupoteza ujuzi wake usiku ule wa mwaka mpya. Lakini urahisi wake ulipungua kwa sababu ya kalamu za watu asiowajua. Na siku ujira wa nchi yake utakapopanda, mteja aliyefuata urahisi tu atahamia kwingine bila hata kuaga.

Fauka ya hayo, kuna magari yanayosafiri kinyume. Kampuni ya Ferrari ilianzisha mwaka 2006 idara yake ya magari ya kale mjini Maranello, Italia, na Jaguar ikafungua karakana yake ya magari ya kale karibu na Coventry, Uingereza, mwaka 2017. Humo gharama ni kubwa, na bado wenye magari huyaleta. Je, wamerukwa na akili? La, hasha! Thamani ya gari la kale imo katika ukweli wake. Mnunuzi atauliza: injini hii ndiyo iliyotoka nayo kiwandani? Bati hili lilikatwa na nani, na kwa nini? Anayeweza kujibu kwa cheti na kumbukumbu hulipwa vizuri, na hahitaji kuwa rahisi.

Rafiki yangu mmoja aishiye Uingereza alilipeleka ng'ambo gari la marehemu baba yake. Lilirudi baada ya miezi 14, rangi ikipendeza na milango ikifunga bila kelele. Lakini taa za asili na saa ya dashibodi hazikuwamo tena; mahali pake palitiwa vingine vya kufanana. Alipouliza, hakupata jibu, maana hakuna aliyekuwa ameandika kilichofunguliwa wala kilichotupwa. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Hapa, hata hivyo, upishi ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni daftari.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni afya ya fundi mwenyewe. Magari mengi ya kale yana asbesto katika breki, klachi na gasketi, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Kromiamu ya kuchovyea vyuma ni sumu, na baadhi ya rangi za kupuliza husababisha pumu. Australia ilipiga marufuku asbesto mwishoni mwa mwaka 2003, na maofisa wake wa forodha wamewahi kuyazuia magari ya kale hadi ithibitishwe kwamba hayana vumbi hilo. Basi na tujiulize: gari linapopelekwa mbali likarudi safi, vumbi lilibaki katika mapafu ya nani? Karakana isiyonunua barakoa wala mashine ya kufyonza hewa hutoza bei ya chini, na mteja huiita nafuu. Nafuu hiyo amelipiwa na mtu mwingine.

Wapo watakaoniambia kwamba mwenye njaa hachagui kazi, na kwamba fundi wa mji mdogo wa Ulaya Mashariki hushukuru kupata mteja wa kigeni. Sikatai. Kazi hii imewalisha wengi, na kuizuia kungekuwa kuwaonea. Ninachokataa ni fundi kufundishwa kwamba sifa yake kuu ni kukubali kidogo.

Jambo hili latuhusu. Tangu mwaka 2003, mashindano ya East African Safari Classic Rally yamekuwa yakileta magari ya kale kwa meli hadi Mombasa, na mashine hizo zimeonekana katika barabara zetu za vumbi. Mikono ya kuzitengeneza hatukosi. Mwanafunzi yeyote wa bweni aliyebeba sanduku la bati la Kamukunji amebeba ushahidi kwamba bati hulitii nyundo ya Mkenya. Mnyoosha bodi wa jua kali hurudishia umbo mlango uliobonyea kama kopo, bila mashine yoyote ya maana. Hata hivyo, ni wangapi kati yao wanaoweza kumwonyesha mteja, kwa maandishi, walichokifanya jana?

Kwa hivyo nawasihi walimu wa vyuo vya ufundi: mfundisheni mwanafunzi kuchomelea, lakini mfundisheni pia kuandika. Kabla ya kufungua kitu, anakili nambari ya injini na ya chesisi. Kila kipande kinachotolewa kipewe kibandiko, kipigwe picha na kutunzwa. Saa za kazi ziandikwe kila jioni, na mteja aarifiwe kabla ya chuma cha asili kutupwa. Asikubali kusugua breki za kale bila kinga, hata mteja akilalamikia gharama. Mambo haya hayahitaji mtambo wa mamilioni. Yahitaji daftari, kalamu na mwalimu mkali. Fundi atakayezoea hivyo ataweza kutaja bei yake bila kuona haya, awe anakarabati Jaguar ya tajiri au matatu ya jirani.