Chakula cha Baji Kiko Kwenye Matuta ya Mpunga

Mpunga unapokaribia kuiva katika bonde la Bugarama nchini Rwanda, huanza kazi ya kuamia ndege. Kutwa nzima watu hupiga madebe, hurusha madongoa na kupaza sauti, ilimradi makundi ya ndege wadogo yasitue mashambani. Kazi hiyo inajulikana kote panapolimwa nafaka Afrika Mashariki, na haina mzaha: kwelea mmoja, mwenye uzito usiozidi gramu 20 hivi, huweza kula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku.

Aliyewahi kusimama shambani na kombeo mkononi anajua mambo kuhusu ndege wala mbegu ambayo mfugaji wa mjini hulipia fedha kuyajua. Anajua kwamba hawangoji punje ikauke. Hushambulia suke likiwa bado na maziwa, na mpunga ukikosekana hushukia nyasi za kwenye matuta. Kasuku mdogo wa Australia, ambaye wafugaji humwita baji, ana tabia hiyohiyo, isipokuwa yeye amekaa kwenye tundu na hawezi kujichagulia.

Kwao ni nyanda kame za katikati ya Australia. Porini ana uzito wa gramu 30 hadi 40, na huruka kwa makundi kufuata mvua, kwa kuwa mvua ndiyo huotesha nyasi. Chakula chake karibu chote ni mbegu za nyasi na za mimea mifupi, anazoziokota chini au karibu na ardhi. John Gould, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo baji amezalishwa vizimbani kizazi baada ya kizazi. Hilo lina uzito wake Rwanda, nchi ambako tangu 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wamekuwa wakiwatoa musambi, yaani korongo wenye taji, waliofungiwa majumbani na kwenye bustani za hoteli. Baji hakuibwa msituni. Hata orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, hazimjumuishi, wakati kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo aliwekwa mwaka 2016 katika daraja la ulinzi mkali kabisa.

Tundu limembadilishia maisha, halikumbadilishia ini. Ndege aliyeumbwa kuruka masafa marefu kati ya mlo na mlo sasa anaruka kutoka kijiti hiki hadi kile, halafu anawekewa bakuli la alizeti na karanga. Kiini cha alizeti ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake, na karanga vivyo hivyo. Ulezi hauna mafuta yanayozidi asilimia 2. Baji anayeshinda na alizeti hunenepa, ini lake hujaa mafuta, na mara nyingine huota uvimbe laini wa mafuta kifuani. Mwenyewe humwona amenawiri.

Basi ulezi uwe msingi, ukichanganywa na uwele na mtama mdogo kwa kadiri vinavyopatikana. Zaidi ya uchache wa mafuta, ulezi una takriban miligramu 340 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi ambacho hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayokikaribia. Kwa jike anayetaga, hiyo ni faida ya kweli. Pwani wafugaji huongezea mfupa wa ngisi. Bugarama, mbali na bahari, ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linafanya kazi hiyo.

Ila chakula bora kuliko vyote hakiuzwi. Katika majaruba ya mpunga humea nyasi inayofanana na mpunga wenyewe hata mpalizi mgeni hukosea. Wataalamu huiweka katika jenasi ya Echinochloa, na ndugu zake wa karibu hulimwa Asia kama nafaka na kuuzwa Ulaya kwenye pakiti za chakula cha ndege. Mpalizi huing'oa na kuitupa tutani. Masuke yake mabichi, yenye punje za maziwa, ndiyo ambayo baji angeyatafuta porini. Likiningʼinizwa juu ya tundu suke moja, ndege hulining'inia kichwa chini na kulichambua asubuhi nzima: amekula, amecheza, amefanya mazoezi. Masharti ni mawili tu, na hayana mjadala. Shamba lisiwe limepuliziwa dawa ya magugu au ya wadudu, jambo ambalo ni lazima kumuuliza mwenye shamba. Na nyasi za kando ya barabara ya malori ya saruji ziachwe, kwa maana zimebeba vumbi na moshi.

Baji akila ni wa kutazamwa kwa karibu. Huchota punje moja kwa ncha ya mdomo, akaigeuza kwa ulimi wake mnene mpaka ikakaa sawa kwenye makali ya mdomo wa chini, akaibana. Ganda hupasuka na kudondoka, kiini kikaenda chini, naye ameshachota nyingine. Makapi hayo mengi hurudi mlemle kikombeni. Hapo ndipo ndege hufa njaa machoni pa watu: mwenye nyumba akipita huona kikombe kimejaa, kumbe ni maganda matupu. Kikombe kinapaswa kupulizwa au kupetwa kila asubuhi, kisha kiongezwe. Baji aliyekomaa hutosheka na kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya chai kwa siku.

Mbegu kavu, hata zikiwa nzuri namna gani, hazina vitamini A ya kutosha. Upungufu wake huonekana kwenye pua na koo: mafua yasiyoisha, kupumua kwa mlio, maambukizi yanayorudi. Dawa iko kwenye mboga. Lengalenga, ambalo Wanyarwanda wengi huliita dodo, linafaa sana, lakini si kila siku peke yake, kwa sababu lina asidi ya oksaliki inayozuia kalsiamu isitumike. Lizungushwe na matembele, majani ya karoti na karoti yenyewe iliyoparuzwa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vikichemshwa bila chumvi, ni hazina. Kwa kuvieneza viazi hivyo ili kuwapatia watoto wa Afrika vitamini A, Robert Mwanga wa Uganda na wenzake wawili walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Kijipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinamtosha baji.

Tatizo ni kwamba baji aliyekulia kwenye mbegu hajui kuwa jani ni chakula. Kumshindisha njaa ili ajifunze ni hatari, maana mwili mdogo kiasi hicho hauna akiba. Njia iliyo rahisi ni kulilowesha jani na kulining'iniza. Porini ndege hawa huoga kwa kujisugua kwenye nyasi zenye umande, kwa hiyo jani lililolowa humvuta kuoga kwanza. Katika kuoga, mdomo nao hujaribu.

Kimea pia kina nafasi yake. Watu wa Rwanda wamezoea kuotesha mtama kwa ajili ya pombe ya ikigage, na mtu huweza kudhani kimea hichohicho kinafaa tunduni. Hapana. Chipukizi la mtama hutoa sayanidi, sumu ambayo pia huua ng'ombe walioingia kwenye mtama mchanga. Aoteshe ulezi au uwele: mbegu zilowekwe usiku, zioshwe kwa maji safi, zingojwe hadi ncha nyeupe ichungulie, ndipo zitolewe. Bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na lina joto kuliko karibu sehemu nyingine zote za Rwanda. Mbegu zilizochipua zilizoachwa kikombeni tangu asubuhi huwa zimechacha kufikia mchana. Saa mbili zinatosha, kisha kikombe kiondolewe na kuoshwa.

Halafu kuna avoka. Ni tunda la kila nyumba, linaliwa na maharage, na wali, na mkate, na mtoto mwenye huruma atataka kumgawia ndege. Avoka ina persini, kemikali isiyomdhuru mtu lakini inayoharibu moyo wa ndege. Mwaka 1989 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha matokeo ya majaribio kwa ndege wa vizimbani: gramu 1 ilimfanya baji ahangaike na kujinyonyoa manyoya, na gramu 8.7 za avoka iliyopondwa zilimuua ndani ya saa 48. Hakuna dawa ya kuitengua sumu hiyo. Nyama ya tunda, ganda, jani, kokwa: vyote vikae mbali na tundu, na kisu kilichokatia avoka kisikatie karoti ya ndege.

Majani ya muhogo yana kesi nyingine. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu ni chakula cha watu, bali jani bichi hutoa sayanidi. Na kuna la zaidi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti akina François Delange walichunguza miaka ya 1960 na 1970 kwa nini watu wengi walikuwa na rovu. Walikuta udongo maskini wa iodini, na muhogo ukizidisha tatizo kwa kuizuia tezi isiitumie hata iodini kidogo iliyokuwepo. Baji naye ni mgonjwa mashuhuri wa rovu. Katikati ya karne iliyopita ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida kwa baji wa Ulaya waliolishwa mbegu peke yake. Tezi ikivimba hulibana koo: sauti hubadilika, pumzi hupiga filimbi, mbegu hutapikwa. Chumvi ya jikoni yenye iodini si tiba, kwa kuwa chumvi yenyewe ni sumu kwa mwili wa gramu 35. Kinachofaa ni jiwe la madini la ndege lenye iodini, au tone la dawa kwa kipimo cha daktari wa mifugo.

Vitafunwa visiwe vingi. Kipande cha embe au papai chenye ukubwa wa ukucha, mara mbili au tatu kwa juma, ni sherehe kamili. Yai lililochemshwa, kiasi cha nusu kijiko cha chai, humfaa anayelea makinda au anayebadilisha manyoya. Biskuti, chai, kahawa, chokoleti, pombe, kitunguu na dagaa wa chumvi havimhusu. Alizeti inaweza kubaki, punje moja moja, ikitolewa mkononi kwa ndege anayefundishwa kutua kidoleni.

Ununuzi nao unataka macho. Karanga na nafaka zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 1960 sumu hiyo iliua bata mzinga zaidi ya 100,000 nchini Uingereza kupitia mashudu ya karanga, na mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Punje yenye harufu ya ukungu, yenye vumbi la kijani au iliyoshikamana haioshwi ikawa salama. Vilevile maduka ya pembejeo huuza mtama na mahindi ya kupandia yaliyopakwa dawa, mara nyingi yakiwa na rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani. Mnunuzi aseme wazi kwamba anataka nafaka ya kula, aimimine kiganjani na kuitazama rangi yake mwangani kabla ya kulipa.